Kisanduku cha Kumi na Moja

Fomu inauliza: Faida iliyopatikana.
Kisanduku ni chembamba kama kijiti cha kiberiti,
na kamati inataka jibu kabla ya Ijumaa.

Fredericton, Februari. Mto umeganda,
watu wanapita kwa miguu walipopiga makasia Julai.
Mimi ni karani wa fungu la utafiti la jimbo,
mwaka wa kumi na tisa huu nagonga muhuri,
na ombi lako, Zélie Ouellette, lilinifikia likinuka viazi.

Usicheke. Ulilijaza ghalani kwa baba yako, kule Grand-Sault,
likapata doa la udongo ukurasa wa tatu,
penye swali: Kwa nini umma ukulipie wewe?
Ulijibu kwa mstari mmoja:
Kwa sababu mitambo yetu inaongea usiku kucha,
na hakuna anayesikiliza ni nani anayeijibu.

Sikuelewa. Nikagonga muhuri.

Dola elfu ishirini na mbili kwa mwaka, miaka mitatu.
Bungeni mheshimiwa mmoja alisimama na kikokotoo:
pesa za wanafunzi hawa, alisema,
zingeziba mashimo yote ya barabara ya kwao.
Hakusema uongo. Barabara ile naijua,
iliwahi kunilia gurudumu.

Kisha usiku wa tarehe tisa Januari,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
mtu tusiyemjua, katika mji tusioujua,
alipapasa mlango wa mtambo wa joto wa hospitali.
Akaukuta umefungwa.
Uliufunga wewe, miezi minane nyuma, Jumanne,
bakuli la supu ya njegere pembeni,
kwa mistari kumi na saba ya msimbo.
Akajaribu tena. Mara mia sita na mbili, yasema kumbukumbu.
Kulipopambazuka akaenda zake.

Huku ndani hakuna aliyeshtuka.
Watoto njiti wanne walilala katika visanduku vyao vya kioo,
muuguzi Bernadine McAskill akamaliza kufuma kisigino cha soksi,
birika la kahawa likaungua.
Hayo tu ndiyo yaliyotokea.

Sasa hilo niliandike vipi?

Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hatuambiwi mwenye kuziba atalipwa na nani.
Ukuta una siku yake ya kuzinduliwa,
una utepe, una mkasi, una waziri mwenye skafu.
Ufa uliozibwa hauna hata picha.

Wiki iliyopita Profesa Murchie alinipigia.
Kampuni ya Boston imekuita:
mara sita ya posho yetu, na nyumba.
Akanyamaza, akingoja nikasirike.
Nilikumbuka posho inavyoingia tarehe tano
na mwenye nyumba anavyogonga tarehe mosi.
Nilikumbuka barua yako ya Machi uliyouliza, kwa adabu,
kama karani ana habari ya mahali wanapouza viatu vya theluji vilivyovaliwa.
Hasira ningeitoa wapi?

Nilimpigia baba yako. Sijui kwa nini; si kazi yangu.
Aliongea robo saa juu ya baridi na bei ya mbolea.
Yeye huuza mbegu za viazi ng'ambo kila mwaka,
haoni ubaya: mbegu ni ya kwenda.
"Ila gunia la mwisho," akasema, "hilo siuzi.
Hilo hata mke wangu haligusi."

Nikarudi kabatini, nikahesabu majalada ya wa fani yako.
Wawili. Pamoja na lako.

Saa kumi na moja jioni. Taa za ofisi zinajizima zenyewe,
inanibidi kupunga mkono ili zijue bado nipo.
Nimeandika: Hakuna. Nikafuta.
Nimeandika: Hakuna kilichotokea, usiku kucha, katika baridi ile.
Mfumo umekataa. Unataka tarakimu.

Nimeandika nne.